MAKALA YA FASIHI: Istilahi si za kukariri bali ni za kutendea kazi

Majuzi binti wa ndugu yangu, ambaye yumo katika kidato cha tatu, alinijia akiwa na daftari lililojaa istilahi za fasihi. Alikuwa ameziandika kwa hati nzuri, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kila moja na fasili yake. Aliniomba nimpime. Nilimwuliza maana ya kinaya, naye akaijibu bila kusita. Nikamwuliza kuhusu taharuki, mbinu rejeshi, mhusika bapa na mhusika duara. Zote akazieleza kama mtu asomaye karatasi. Ndipo nikamwomba anionyeshe mahali pamoja tu penye kinaya katika The Pearl, riwaya fupi ya John Steinbeck aliyokuwa amemaliza kuisoma wiki iliyotangulia. Alinyamaza kwa kitambo, kisha akasema: "Ami, hayo hatukuandikiwa."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuyaandika makala haya. Mtoto huyu hakuwa mvivu, wala simlaumu mwalimu wake, ambaye huenda ana madarasa mengi na muda mchache wa kuyamaliza. Hata hivyo, alikuwa ameisoma hadithi ya wazazi wanaompoteza mtoto wao mchanga, na kilichobaki mkononi mwake ni orodha ya maneno. Alikuwa amepata hasara mara mbili: katika mtihani atapoteza alama, na katika kusoma amekwisha kuipoteza hadithi yenyewe.

Katika makala haya nitazipitia istilahi zile zinazomtatiza mtahiniwa mara kwa mara, hasa wa somo la Kiingereza, na kuonyesha namna kila moja inavyofanya kazi ndani ya kitabu. Mifano mingi nitaitoa katika vitabu vitatu ambavyo vimewahi kusomwa sana katika shule zetu: The Pearl (1947) yake Steinbeck wa Marekani, The River Between (1965) yake marehemu Ngugi wa Thiong'o, na A Doll's House (1879), tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway.

Lugha mbili, dhana moja

Katika mtihani wa KCSE, fasihi hutahiniwa katika masomo yote mawili ya lugha. Karatasi ya pili ya Kiingereza, yenye alama 80, humpa mtahiniwa dondoo la kitabu teule pamoja na shairi au simulizi. Karatasi ya tatu, yenye alama 60, humtaka aandike insha tatu za alama 20 kila moja, na mbili kati yazo huhusu vitabu teule. Kwa upande wa Kiswahili, karatasi ya tatu, yenye alama 80, ni ya fasihi tupu.

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kudhani kwamba wanasoma fasihi mbili zisizojuana. Mwalimu wa Kiingereza anaposema 'plot', mwenzake wa Kiswahili husema ploti au msuko. 'Setting' ni mandhari, 'irony' ni kinaya, 'suspense' ni taharuki, 'flashback' ni mbinu rejeshi au kisengere nyuma, nayo 'foreshadowing' ni utabiri au kisengere mbele. Aliyeielewa dhana vyema katika lugha moja hana haja ya kuanza upya katika lugha ya pili. Anachohitaji ni kujua jina lake tu.

Ni kweli kwamba dhana moja katika Kiswahili huweza kuwa na majina zaidi ya moja. Wapo wasemao istiari na wapo wasemao sitiari. Tashihisi kwa wengine ni uhuishi au uhaishaji. Mtahiniwa asibabaishwe na hali hiyo. Achague jina moja linalotumiwa na mwalimu wake na kushikamana nalo.

Kisa na ploti

Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake kuhusu riwaya iliyochapishwa mwaka wa 1927, alitenganisha kisa na ploti. Kisa ni matukio yakifuatana kwa wakati. Ploti ni matukio hayo hayo yakishikamanishwa na sababu. Tukisema, "Mzee aliuza ng'ombe wake, kisha mwanawe akahamia mjini," hicho ni kisa. Tukisema, "Mzee aliuza ng'ombe wake ili amlipie mwanawe karo, na mwanawe, kwa haya ya kuanguka mtihani, akahamia mjini," hiyo ni ploti. Neno lililoongezwa ni dogo, lakini ndilo linalomfanya msomaji aulize "kwa nini?" badala ya "kisha ikawaje?"

Kabla ya Forster, mnamo 1863, Mjerumani Gustav Freytag alikuwa ameigawa tamthilia katika hatua tano, ambazo shule zetu hadi leo huzitumia kuchunguzia hadithi: utangulizi, kupanda kwa matukio, kilele, kushuka kwa matukio na hatima. Tuzitazame hatua hizo katika The Pearl.

Katika utangulizi tunakutana na Kino, mpiga mbizi maskini wa mji wa La Paz, Mexico, mkewe Juana na mtoto wao Coyotito. Nge anamwuma mtoto, na daktari anakataa kumtibu kwa kuwa wazazi hawana cha kumlipa. Matukio yanapanda pale Kino anapoipata lulu kubwa isiyo na kifani. Wanunuzi, wanaojifanya kushindana ilhali wanamtumikia bwana mmoja, wanamtajia bei duni. Anashambuliwa usiku, anaua mtu, mtumbwi wake unatobolewa na nyumba yake inachomwa. Anakimbilia milimani na familia yake huku wawindaji wakizifuata nyayo zao. Kilele ni usiku ule Kino anapowavamia wawindaji na risasi moja kumwua Coyotito. Matukio yanashuka wazazi wanaporejea mjini wakitembea sambamba, Juana amebeba maiti ya mwanawe. Hatima ni lulu kutupwa baharini.

Zingatia kwamba kilele si lazima kiwe tukio lenye kelele kuliko yote. Kilele ni pale ambapo mambo hayawezi tena kurudi yalivyokuwa. Yupo msomaji anayeweza kudai kwamba kilele cha riwaya hii ni usiku Kino anapoua kwa mara ya kwanza, kwa kuwa tangu hapo hawezi tena kuishi La Paz. Hoja hiyo ina uzito. La muhimu ni mtahiniwa kuitetea kwa ushahidi, si kuitaja tu.

Mgogoro

Pasipo mgogoro hapana hadithi. Mgogoro ni mvutano kati ya pande mbili, na aghalabu hugawanywa hivi: mtu na mtu, mtu na jamii, mtu na maumbile, mtu na nafsi yake.

Riwaya ya The River Between ni shule nzuri ya jambo hili, maana migogoro yake imefumwa pamoja kama ukili wa mkeka. Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anataka kutahiriwa kama wasichana wenzake wa Kigikuyu, na bado anataka kubaki Mkristo. Hapo pana mgogoro wa mtu na mtu, kwa kuwa babake anamkana. Pana mgogoro wa mtu na jamii, kwa kuwa kanisa limekataza tohara hiyo. Tena pana mgogoro wa nafsi, kwa kuwa Muthoni mwenyewe anajaribu kuwa watu wawili ndani ya mwili mmoja. Anafariki kutokana na jeraha la tohara, na kifo chake kinazidisha uhasama uliokuwapo.

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu mgogoro, asiandike tu kwamba "Muthoni anakosana na babake." Aonyeshe kila upande unataka nini, na kwa nini pande hizo haziwezi kupata zitakacho kwa pamoja. Akishindwa kueleza matakwa ya upande mmoja, ajue kwamba ameona nusu ya mgogoro.

Wahusika

Forster huyo huyo ndiye aliyetuachia mgawanyo wa mhusika bapa na mhusika duara. Mhusika bapa hujengwa juu ya sifa moja au mbili na habadiliki. Mhusika duara ana pande nyingi na huweza kutushangaza bila kutufanya tukatae kumwamini. Joshua ni bapa: msimamo wake mbele ya kifo cha bintiye ni ule ule aliokuwa nao awali. Nora, mke wa Torvald Helmer katika A Doll's House, ni duara: anaanza kama mke anayedeka na kuficha vitu vitamu asivyoruhusiwa kula, na anaishia kuwa mtu anayemketisha mumewe, akamweleza ukweli wa ndoa yao, kisha akatoka nyumbani.

Tahadhari ni kwamba bapa si tusi. Hadithi inahitaji mhusika asiyebadilika ili mabadiliko ya mwingine yaonekane, kama vile mti uliosimama unavyotuonyesha kwamba gari linakwenda.

Kuna pia mhusika kinzani, anayempinga mhusika mkuu, kama Kabonyi anavyompinga Waiyaki katika The River Between. Kisha yupo mhusika ambaye kazi yake ni kuwa kioo: tofauti au mfanano wake na mwingine humfanya huyo mwingine aonekane bayana. Krogstad ni kioo cha Nora. Wote wawili wameghushi stakabadhi. Yeye jamii ilimtenga, Nora angali akipambwa na mumewe kama mwanasesere kwa sababu siri yake haijafichuka.

Kuhusu sifa za wahusika, kanuni ni moja: sifa haitajwi hewani. Kila sifa ifungamane na tendo, kauli, au yale ambayo wahusika wengine husema. Anayeandika kwamba "Juana ni jasiri" hajasema lolote mpaka aongeze kwamba nge alipomwuma mwanawe yeye ndiye aliyeifyonza sumu, na kwamba ndiye aliyeamua mtoto apelekwe kwa daktari ambaye hakuzoea kuja vibandani mwao.

Mandhari

Wanafunzi wengi huyaeleza mandhari kwa mstari mmoja: mahali na wakati. Fasili hiyo si kosa, ila ni pungufu. Mandhari hufanya kazi, na mtahiniwa yampasa aiseme kazi hiyo.

Ibsen aliyaweka maigizo yote ya A Doll's House katika sebule moja, kwa muda wa siku chache za Krismasi. Huo si uvivu wa kubadilisha jukwaa. Nora haonekani popote nje ya sebule hiyo, na watazamaji huja kuhisi kwamba nyumba yenyewe ni kijumba cha mwanasesere ambamo amewekwa. Kwa hiyo mlango unaposikika ukifungwa mwishoni, sauti hiyo ina uzito ambao isingekuwa nao kama tungemwona Nora akizunguka sokoni na barabarani tangu mwanzo.

Vivyo hivyo, Ngugi anaanza riwaya yake kwa kuonyesha matuta mawili, Kameno na Makuyu, yameelekeana kama mahasimu, na katikati yake mto Honia. Kabla mhusika hajatamka neno, ardhi imekwisha kutueleza kwamba jamii hii imegawanyika na kwamba kuna kitu kimoja wanachokitegemea wote.

Nani anasimulia?

Usimulizi ni swali la nani anatuambia na anajua kiasi gani. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hutumia "mimi" na huona yale ayaonayo yeye tu. Kongowea Mswahili, katika Siku Njema yake marehemu Ken Walibora, ni mfano ambao wasomaji wengi wa Kenya wanaufahamu. Msimulizi wa nafsi ya tatu husimama nje ya hadithi. Anaweza kuwa mjuzi wa yote, akaingia nyoyoni mwa kila mmoja, au akafungwa kwa mhusika mmoja tu.

Yupo pia msimulizi asiyeaminika. Katika An Artist of the Floating World (1986), Kazuo Ishiguro anamwachia usimulizi mchoraji mzee Masuji Ono, ambaye kabla ya Vita Vikuu vya Pili aliitumia sanaa yake kuunga mkono ubeberu wa Japani. Ono hasemi uongo waziwazi; anasitasita, anajipa sifa, anaruka mambo, na msomaji hulazimika kuutafuta ukweli katika yale aliyoyaruka. Mtahiniwa asichanganye msimulizi na mwandishi. Ono si Ishiguro.

Maudhui na dhamira

Hapa pana utata wa kweli. Katika madarasa ya Kenya, maudhui ni yale masuala yanayozungumziwa katika kazi ya fasihi, nayo dhamira ni lengo la mwandishi au ujumbe anaokusudia kuufikisha. Vitabu vingi vya Tanzania huligeuza jambo hili: maudhui ni jumla ya yaliyomo kwa kulinganishwa na fani, na dhamira huwa ni sehemu mojawapo ya maudhui hayo. Mwanafunzi anayesoma vitabu vya pande zote mbili asishangae. Afuate matumizi ya mtihani atakaoufanya.

Kosa kubwa zaidi ni kuyataja maudhui kwa neno moja. "Uchoyo" si maelezo ya maudhui. Ni mada tu. Useme kitabu kinasema nini kuhusu uchoyo. The Pearl haisemi tu kwamba uchoyo ni mbaya. Inaonyesha kwamba katika jamii ambamo bei hupangwa na wachache, hata tamaa ya halali ya maskini, yaani kumsomesha mwanawe na kufunga ndoa kanisani, humgharimu kila alicho nacho. Sentensi ya namna hiyo ndiyo inayomtenga aliyesoma kitabu na aliyesoma mwongozo wa kitabu.

Kinaya na majirani zake

Kinaya hutokea pale ambapo kinachotarajiwa na kinachotukia, au kinachosemwa na kinachomaanishwa, vinakinzana. Kuna aina tatu.

Ya kwanza ni kinaya cha kauli: mtu anafika arusini chakula kikiwa kimekwisha, naye shangazi anamlaki kwa kumwambia, "Umewahi kweli leo!"

Ya pili ni kinaya cha hali. Juana aliomba lulu ipatikane ili daktari alipwe na mtoto aokolewe. Lulu hiyo hiyo ndiyo inayomwua mtoto. Hilo ndilo jibu ambalo binti wa ndugu yangu alikuwa amelikalia bila kujua.

Ya tatu ni kinaya cha kidrama, ambapo hadhira inajua asichokijua mhusika. Torvald anamhubiria mkewe kwamba mtu kama Krogstad, aliyeghushi na kuficha, huipa nyumba yake na watoto wake sumu. Hajui kwamba anayemsikiliza ametenda kosa lile lile, kwa kuitia sahihi ya babake kwenye hati ya mkopo, tena kwa ajili ya kuyaokoa maisha yake yeye Torvald. Sisi tunajua, na kila neno lake linatuchoma.

Kinaya kisichanganywe na kejeli, ambayo ni kauli ya kudhihaki au kudharau. Wala kisichanganywe na sadfa, yaani matukio mawili kukutana pasipo kupangwa. Kino kuipata lulu siku ile ile mtoto alipoumwa na nge ni sadfa. Krogstad kuwa mfanyakazi wa benki ile ile ambayo Torvald anateuliwa kuisimamia ni sadfa pia. Sadfa huendesha ploti, ilhali kinaya hutufanya tuione maana yake.

Taharuki, utabiri na mbinu rejeshi

Taharuki si msisimko wa aina yoyote. Ni hamu ya kutaka kujua jibu la swali ambalo mwandishi amelizusha na kulichelewesha. Krogstad anapoitumbukiza barua yake katika sanduku ambalo ufunguo wake anao Torvald peke yake, swali limezuka: ataisoma lini? Nora anacheza ngoma, anambembeleza mumewe, anaahirisha. Nasi tunalitazama sanduku. Mtahiniwa anayetaja taharuki sharti alitaje swali lenyewe.

Utabiri ni dokezo la mapema la yatakayotokea. Juana anasihi mapema kwamba lulu itupwe, akihofia kwamba itawaangamiza pamoja na mwana wao. Kino anakataa. Msomaji anayerejelea riwaya hiyo kwa mara ya pili hutetemeka afikapo hapo.

Mbinu rejeshi humrudisha msomaji nyuma katika wakati uliopita na kumwonyesha tukio likitendeka. Ono, niliyemtaja hapo awali, huturudisha mara kwa mara katika miaka ya kabla ya vita. Lakini mhusika akisimulia kwa maneno tu jambo la zamani, kama Nora anavyomweleza rafikiye Kristine habari za mkopo, hayo ni maelezo ya usuli. Tofauti ni kati ya kurudishwa na kuambiwa.

Ishara, motifu na tamathali

Ishara ni kitu halisi ndani ya hadithi ambacho pia huwakilisha jambo jingine. Lulu ya Kino ni lulu ya kweli, inashikika na inauzika. Mwanzoni ndani yake anaona bunduki, ndoa na mwanawe akisoma. Mwishoni inaonekana mbaya na ya kijivu. Kitu ni kile kile, macho ndiyo yaliyobadilika. Mto Honia nao huyagawa matuta mawili na papo hapo huyaunganisha kwa maji. Mtahiniwa asitosheke na kusema kwamba "mto ni ishara ya uhai," bali aseme pia kwamba ni mpaka.

Motifu ni kipengele kinachojirudia mpaka kikapata maana. Katika The Pearl, Wimbo wa Familia na Wimbo wa Uovu husikika moyoni mwa Kino kila hatari au faraja inapokaribia.

Tamathali hazihitaji maelezo mengi. Tashbihi hulinganisha kwa kiunganishi: "Amenyamaza kama maji mtungini." Istiari hulinganisha bila kiunganishi: "Huyu ni simba." Tashihisi hukipa kisicho hai sifa za kiumbe: "Njaa ilibisha hodi." Chuku hutia chumvi: "Alilia machozi ya kujaza bahari." Majazi ni kumpa mhusika jina linaloafikiana na tabia au hali yake, kama ilivyo kwa Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea (2012) yake Walibora, mwalimu anayejigamba kwa mswada alioiba.

Namna ya kujibu

Mpenzi msomaji, yote niliyoyaeleza yanaweza kufupishwa katika maswali matatu: Ni nini? Kiko wapi? Kinafanya kazi gani? Swali la kwanza hutaka istilahi, la pili ushahidi, la tatu maelezo. Majibu mengi dhaifu huishia kwenye swali la kwanza, au huruka kutoka kwenye la kwanza hadi hitimisho.

Tuchukue swali: Mwandishi wa A Doll's House ametumiaje kinaya? Jibu dhaifu huwa hivi: "Ibsen ametumia kinaya. Kinaya ni hali ambapo mambo huwa kinyume cha matarajio. Kinaya kimeifanya tamthilia ivutie." Sentensi tatu, na hakuna hata moja inayohitaji kitabu kusomwa.

Jibu lenye uzito huwa hivi: "Torvald anamwambia Nora kwamba hutamani hatari impate ili yeye ayatoe maisha yake kumwokoa. Hatari inapokuja kupitia barua ya Krogstad, anachokiwaza ni jina lake mbele ya watu, naye anamshutumu mkewe vikali. Kinaya hiki cha hali kinafichua kwamba upendo wake ulikuwa wa maneno, na ndicho kinachomfumbua Nora macho aamue kuondoka." Hapa istilahi imetajwa mara moja tu, na imefanya kazi.

Sisi tunaohariri habari magazetini tuna desturi ya kuliondoa neno lolote ambalo likiondolewa sentensi haipungukiwi. Watahiniwa wangefaidi wakiitwaa desturi hiyo. Ikiwa istilahi yaweza kufutwa katika jibu lako bila hasara, haikuwa na kazi hapo.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Badala ya kuwapa wanafunzi istilahi 40 kwa juma moja, wapeni nne, na kwa kila moja wadaini ukurasa wa kitabu. Orodha itakuwa fupi, lakini itakaa.

Binti wa ndugu yangu alirejea baada ya siku kadhaa. Safari hii hakuja na daftari, alikuja na The Pearl yenyewe, kurasa zake zikiwa zimekunjwa pembe. Alinionyesha kinaya cha lulu na mtoto, akanionyesha na pale Juana aliposihi itupwe. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwa katika orodha yoyote: "Ami, mbona hakumsikiliza mkewe mapema?"

Tuliketi tukalizungumza mpaka usiku.